Kuni za bure za msimu wa baridi: pa kuzipata Njombe na Mufindi, na zipi za kuziacha

Kila ikikaribia Juni, sisi wa ugani wa misitu huku Nyanda za Juu Kusini huulizwa swali lilelile: kuni za kuotea moto nitazipata wapi bila kununua? Ndugu zetu wa Dar es Salaam hucheka wakisikia habari ya kupasha nyumba joto ndani ya Tanzania. Aliyelala Makete mwezi wa saba, akatoka nje alfajiri na kukuta sakitu imetanda juu ya majani ya viazi, hacheki. Huku kuni si za ugali peke yake. Ndizo zinazokausha sare za shule za watoto, na ndizo zinazomwezesha bibi kukaa jikoni mpaka saa tatu usiku akizungumza na wajukuu bila kutetemeka.

Kuni za bure zipo, tena nyingi, ila haziko kule wengi wanakokwenda kuzisenya. Msitu wa asili umerudi nyuma na taratibu zake zimekaza. Kuni za leo ziko kwenye mashine za mbao, kwenye mashamba ya miti yaliyokwisha kuvunwa na kwenye bustani za parachichi. Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la kwanza, ni kwamba nyumba nyingi zinazopata kuni za bure zinazichoma mbichi. Wanaishia na moshi mwingi, joto haba, na kulaumu mti.

Tuanze na mashine. Mufindi ndiko liliko Shamba la Miti Sao Hill, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), nalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Kulizunguka, na kuendelea hadi Kilolo, Njombe na Makete, kuna mashamba ya wananchi ya misindano, au paini kama wengi wanavyosema, na milingoti, yaani mikaratusi. Gogo la mviringo likichanwa kuwa mbao za pembe nne, kwenye mashine ndogo zile tunazoziita ding dong, mara nyingi nusu yake au zaidi haitoki kama mbao. Inatoka kama mabanzi, vichwa na unga. Kwa mwenye mashine iliyoko ndani kabisa ya shamba, lundo la mabanzi ni kero: linaziba njia ya magogo, na kiangazi linakuwa hatari ya moto. Wengine huliteketeza palepale ili wapate nafasi.

Si kila banzi ni la bure, lakini. Karibu na barabara kuu mabanzi yana wateja, wakiwamo wachoma matofali na wajenga mabanda. Nenda yalikochanwa mbali. Ongea na msimamizi wa mashine kabla ya kugusa kitu, ufike wakati mashine imezimwa, na ukipewa lundo ulimalize. Anayechagua mabanzi manene na kuacha maganda yametapakaa haitwi mara ya pili. Hiyo si sheria ya mahali popote, ni tabia tu, lakini ndiyo inayoamua nani atapigiwa simu msimu ujao.

Chanzo cha pili ni matawi na vilele vinavyobaki baada ya uvunaji na baada ya kupogolea. Hapa ruhusa ya mwenye shamba ni lazima, hata kama kinachookotwa kinaonekana kama takataka. Angalia juu kabla hujainama: tawi lililovunjika na kunasa kwenye mti jirani linaweza kushuka lenyewe. Mti ulioanguka na kupinda chini ya mwingine nao usiukate kama hujui kazi hiyo, kwa sababu hufyatuka.

Njombe kuna miwati. Mti huu uliletwa kwa ajili ya magome yake, yanayotoa dawa ya kulainishia ngozi za wanyama, na kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa biashara hiyo. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi, na moto ukipita huota kwa fujo. Ndiyo maana utakuta vichaka vya miwati myembamba kwenye mashamba yaliyolala na kando ya njia. Mwenye shamba anayetaka kulima tena atafurahi ukimpunguzia. Kwa kuni, mwati ni mzuri mno: mzito, unashika moto bila kelele na unaacha makaa yanayodumu.

Parachichi nazo zimebadilisha sura ya Njombe, na zinapogolewa kila baada ya mavuno. Kuni zake ni nyepesi, hukauka upesi na kuisha upesi, lakini kwa kuwashia zinafaa. Mashamba ya chai ya Mufindi ni habari tofauti. Chai ikikatwa, vijiti vyake vinapaswa kubaki shambani vioze, kwa kuwa ukivibeba umebeba na mbolea ya shamba. Usiviombe. Visiki vya chai kuukuu inayong'olewa, hivyo ndivyo vya kuomba. Ni vigumu kama mfupa na huwaka usiku kucha.

Kwenye msitu wa hifadhi, uliza kwanza ofisi inayousimamia. Yapo maeneo ambako wanavijiji huruhusiwa kuokota kuni zilizokufa kwa matumizi ya nyumbani, kwa siku zilizopangwa na bila msumeno. Msitu wa kijiji una kamati yake ya maliasili na sheria ndogo zake. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo hakuna kuokota hata kijiti. Kandokando ya mito na vyanzo vya maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kuachwa bila shughuli za kibinadamu. Na pale unapopakia kuni kwenye gari ili ukaziuze, umeingia kwenye biashara ya mazao ya misitu, yenye leseni na hati yake ya kusafirishia.

Kuna ujanja mmoja tunaufahamu vizuri. Mtu anazungusha panga kwenye shina, anabambua gome pande zote kama mkanda, kisha anaondoka. Mti hufa ukiwa umesimama, na mwaka unaofuata anarudi kuokota "kuni zilizokufa". Alama za panga hubaki zikionekana miaka, na hakuna afisa asiyezijua.

Sasa kuni za kuziacha, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini zaidi. Huku kwetu kuna viwanda vya kutibu nguzo za umeme na nguzo za uzio. Nguzo nyingi hutibiwa kwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ambayo husukumwa ndani ya mti kwa mgandamizo. Vipande vinavyokatwa vina rangi ya kijani, kama ya sarafu ya shaba iliyochakaa. Kipande kikikaa juani mwaka mmoja au miwili, ukijani hufifia kuwa kijivu na mtu asiyejua hudhani ni mti wa kawaida. Kichanje: ndani, hasa karibu na gome lilipokuwa, kijani bado kipo. Dawa hii haitoki kwa kukausha wala kwa kuosha, na nguzo iliyosimama miaka 20 bado inayo.

Ukichoma kipande hicho, sehemu ya aseniki, ambayo ni sumu, hupanda na moshi na iliyobaki hukaa kwenye majivu. Majivu ndiyo mtego wenyewe. Ng'ombe na mbuzi hupenda kulamba majivu kwa sababu ya chumvi yake, na mifugo imewahi kufa duniani kwa kulamba majivu ya mbao zilizotibiwa. Mtoto anayetambaa karibu na mafiga yuko kwenye hatari ileile. Nguzo nyeusi zinazonuka lami nazo ni vivyo hivyo: acha. Mbao za kumwagia zege zilizopakwa oili chafu, plaiwudi, mbao zenye rangi ya zamani, zote hazifai jikoni. Na mnyaa uliopandwa uzio usiukate kwa kuni. Utomvu wake mweupe ukiruka jichoni utakupeleka hospitali kabla hujawasha moto.

Turudi kwenye unyevu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mzigo wa kilo 25 wa kuni mbichi una takriban kilo 12 na nusu za maji. Kuni zilezile zikikauka vizuri zitakuwa na kilo 16 hivi, na maji yaliyobaki ni kilo tatu tu. Maana yake anayejitwika kuni mbichi kutoka bondeni amebeba karibu nusu ndoo ya maji kichwani bila kujua. Kuyageuza maji yote hayo kuwa mvuke hula kama sehemu moja ya saba ya joto la mzigo. Inaonekana si nyingi, lakini hasara kubwa iko kwingine: moto unaopigana na maji haupati joto la kutosha kuunguza gesi zinazotoka kwenye mti, na gesi hizo hutoka kama moshi na masizi. Ule moshi unaokuliza ni kuni ambazo hazikuungua.

Msindano hulaumiwa kwa jambo hili kuliko unavyostahili. Kilo moja ya msindano mkavu inatoa joto linalokaribiana kabisa na kilo ya mwati mkavu. Tofauti ni kwamba msindano ni mwepesi, kwa hiyo kilo moja inachukua nafasi kubwa na unatia kuni mara nyingi. Utomvu wake huongeza masizi kidogo. Lakini msindano unaojaza bomba la moshi mara nyingi ni msindano mbichi.

Kuni za baridi ya Juni zikusanywe kiangazi cha mwaka uliotangulia, Agosti hadi Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Zichanje mara tu zifikapo, hasa mlingoti, kwani mbichi hupasuka kwa shoka la kwanza na mkavu hurudisha shoka. Zikate fupi, maana maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni. Panga juu ya mawe au magogo mawili, usiziegemeze kwenye ukuta wa tope, la sivyo mchwa watakuwa wa kwanza kuota moto. Funika juu kwa bati na uache pembeni wazi. Naona watu wengi wanafunga lundo zima kwa turubai mpaka chini. Ndani ya wiki chache linaota ukungu. Mabanzi ya msindano yakipata jua la kiangazi hukauka mapema, kwa kuwa ni membamba. Magogo manene ya mlingoti yape mwaka. Ukuni mkavu una nyufa kwenye ncha, gome lake linabanduka kwa kidole, na ukigonga viwili pamoja vinalia kwa sauti kali, si kwa kishindo kizito.

Kichanja cha juu ya mafiga kinamalizia unyevu wa mwisho vizuri sana, mradi kiwe juu ya kimo ambacho ndimi za moto hazifiki.

Kuhusu kulala, neno moja. Watu wakishaota jikoni huchota makaa kwenye jiko, yakishaacha kutoa moshi, na kuyapeleka chumbani wakiamini kilichokwisha moshi kimekwisha hatari. Ni kinyume chake. Makaa mekundu yasiyo na mwali hutoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi, haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Chumba kilichozibwa magazeti kwenye kila upenyo kwa sababu ya baridi ndicho kinachoua. Pasha chumba mapema ikibidi, mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje na ulale na blanketi. Anayekutwa amezimia atolewe nje kwanza, hospitali ifuate mara moja.

Majivu ya kuni safi yaache yapoe siku mbili kwenye ndoo ya bati, si ya plastiki, kisha uyapeleke shambani. Udongo wetu mwingi huku una tindikali, na maharage na mahindi hufaidika nayo yakinyunyizwa kidogo na kuchanganywa na udongo. Chai haiyataki, kwa kuwa yenyewe hupenda tindikali hiyo. Viazi mviringo navyo viepushe, la sivyo utavuna vyenye magamba.