Rapoti si kazi ya watu wa biro

Mafundi wanaotufikia hapa Lubumbashi, kutoka Katuba, Ruashi na Kampemba, mara nyingi wana karatasi moja mkononi: demandi, ile ambayo kampuni inakuomba ueleze kosa unaloshtakiwa. Wengi wameikalia wiki nzima. Wengine walikataa hata kuipokea, eti ukitia sahihi umekubali kosa. Si kweli, na tumelisema mara nyingi. Andika «nimepokea», tarehe na saa, kisha sahihi. Basi.

Kwa nini haraka? Sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 72, inamtaka mwajiri anayetaka kuvunja kontra kwa kosa zito akujulishe kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Ndani ya siku 2 za kazi za mwanzo anaweza pia kukusimamisha ili afanye uchunguzi. Ukinyamaza, siku hizo zinapita na dosiye ina maneno ya upande mmoja tu. Jibu, peleka nakala mbili, rudi na moja yenye muhuri wa mapokezi.

Sasa jibu lenyewe. Mtu anafungua kwa «J'ai l'insigne honneur» (nina heshima kubwa), anazunguka mistari sita, na pampu haijatajwa bado! Anayesoma anataka kujua nini kilitokea, wapi, saa ngapi, ulipima nini, ulimwambia nani. «Mota ilikuwa mbaya» haisemi kitu. «Saa 14:20 mota ya pampu namba 3 ilivuta ampea 48, plaketi inaandika 36, nikaizima, nikafunga kadena, nikamjulisha shefu wa ekipu saa 14:25» inajitetea yenyewe (plaketi ni kibati cha mota chenye vipimo vyake, kadena ni kufuli la kuzuia isiwashwe). Usichokiona usikiandike. Kama Kifaransa kinakusumbua, panga kwanza kwa Kiswahili, kisha geuza sentensi moja moja, fupi fupi.

Lakini maelezo hayo yanategemea ulichoandika siku ile ile. Daftari ya kupokezana zamu mafundi wanaichukia, wanajaza «RAS» (rien à signaler, hakuna la kuripoti) hata pale beringi ilipokuwa inalia. Mwezi ukipita, hiyo «RAS» ndiyo inayosomwa mbele yako, na ina sahihi yako.

Kusema nako kuna shida yake. «Ndiyo patron» imeshazoeleka kuwa ni adabu, hata kwa mtu ambaye hakuelewa agizo. Kwenye redio, rudilia ulichosikia: «Nafungua valvu ya 2, ya 4 inabaki imefungwa.» Hakuna shefu mwenye akili anayekasirikia hilo.

Demandi ileteni siku mliyoipokea, pamoja na kopi ya kontra na kurasa za daftari zinazohusika. Inayofika siku ya 14 tunaisoma pia, ila hatuahidi kitu.