Mukombero: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Imethibitishwa ni dawa ya nguvu za kiume." Maneno haya ndiyo yanayouza mizizi ya mukombero, mmea wa msituni unaotambaa, pamoja na karanga, kwenye stendi za magari magharibi mwa Kenya. Utafiti upo, ila haujathibitisha hayo. Nchini Cameroon, panya dume waliopewa maji ya mizizi hiyo waliongezeka homoni ya testosteroni. Lakini mwaka 2005 watafiti wa huko walionyesha kwamba dawa iliyokamuliwa kwa kemikali ya heksani ilipunguza uzazi wa panya, hadi walipoacha kupewa. Mwaka 2008 mbegu za kiume za binadamu zilionekana kuogelea vizuri zaidi zilipochanganywa na mukombero, lakini hayo yalifanyika maabara, si mwilini mwa mtu. Upungufu wa nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya kisukari au shinikizo la damu. Anayemwambia mwenzake atafune mzizi badala ya kupimwa anamkosea sana.

Utafune kwa ladha yake na kwa hamu ya kula, kama wazee walivyofanya. Ile harufu ya vanila ni yake yenyewe, na imo zaidi katika ganda la mzizi.

"Msituni haukwishi." Unakwisha. Kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, umechimbwa hadi kuwa adimu, na Msitu wa Kakamega nao unachimbwa kila siku. Anayeng'oa shina zima ameua mmea. Fukua upande mmoja, kata mizizi ya pembeni michache, acha mzizi mkuu, kisha rudishia udongo.

"Shambani haukubali." Unakubali, na hili ndilo ningependa kila mwenye boma alijue. Matunda hukaa mawili mawili. Yakikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye nyuzi laini zinazopeperushwa na upepo, kwa hiyo yachume kabla hayajapasuka. Sia mbegu zikiwa mbichi, kitaluni penye kivuli, kisha hamishia miche karibu na mti au ua, maana mukombero hutambaa juu.

"Kila mtambaazi wenye utomvu mweupe ni mukombero." Hapana, na baadhi ya jamaa zake wana sumu kali. Angalia majani mapana yenye umbo la moyo, pindo lililokunjamana kama kola kwenye vifundo vya shina, na maua ya zambarau yenye ukingo wa kijani-njano. Usipoyaona hayo yote, usichimbe.