Swali Lako kwa Chuo Kikuu: Nani Hulijibu, kwa Jina la Nani, na kwa Nini Jibu Hufutwa

Malalamiko yanayofika kwenye ofisi yetu ya elimu kwa umma ni ya aina mbili, na siku hizi yanapishana mlangoni. Wananchi wanasema wahadhiri wameifungia elimu ndani: ukiuliza kwenye majukwaa ya mtandaoni ya maswali na majibu hujibiwi, au anakujibu asiyejua. Wahadhiri nao wanasema walijaribu kujibu, majibu yakafutwa na watu wasiowajua, mmoja hadi akafungiwa akaunti. Pande zote mbili zina hoja, na zote mbili zina mambo ambayo hazijayaelewa.

Kwanza niweke wazi kwamba sisemi kwa niaba ya jukwaa lolote. Kanuni ninazozitaja hapa ni zile tunazokutana nazo kazini, na hubadilika. Anayetaka kuzitumia asome ukurasa wa kanuni wa jukwaa husika siku hiyohiyo anayoandika.

Chuo kikuu kujibu maswali ya watu wa nje si jambo geni. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1862 ilitoa ardhi za kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi, na nyingine ya mwaka 1914 ikaweka fedha za huduma za ugani, ili mtaalamu wa chuo amfikie mkulima na kumjibu. Uholanzi, katika miaka ya 1970, vyuo vikuu vilifungua kile walichokiita maduka ya sayansi: kikundi cha wananchi kinaleta swali, chuo kinatafuta wa kulifanyia utafiti. Kilichobadilika ni wasomaji. Barua ya bwana shamba ilisomwa na aliyeandikiwa, basi. Jibu la jukwaani husomwa na aliyeuliza, kisha na wengine wengi ambao hawakuuliza kitu, waliofika hapo kwa kutafuta maneno yaleyale. Mhadhiri anayejibu swali moja kwa barua pepe mara thelathini kwa mwaka angeweza kulijibu mara moja mahali pa wazi, halafu akaendelea na kazi zake.

Hata orodha za "maswali yaulizwayo mara kwa mara" zilienezwa na uchovu huo. Usenet, mfumo wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, ulijaa wachangiaji waliochoka kuulizwa jambo moja kila wiki, wakaamua kuliandikia jibu la kudumu. Nawaelewa kabisa.

Sasa, kwa jina la nani? Hapa ndipo vyuo vingi hukosea mwanzoni. Hufunguliwa akaunti yenye nembo ya chuo, akawekwa ofisa wa mawasiliano, na kila anayeuliza anaambiwa: "Asante kwa kuwasiliana nasi, tafadhali tembelea tovuti yetu." Hilo si jibu. Nembo haijui kemia. Angalia jukwaa la MathOverflow, lililoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya maswali ya hisabati ya ngazi ya utafiti. Pale huoni chuo kikijibu kama chuo. Unaona wanahisabati, wengi kwa majina yao halisi, na kila mtu anajua wanafundisha wapi. Kwenye AskHistorians, jukwaa la maswali ya historia ndani ya mtandao wa majadiliano wa Reddit, utambulisho wa utaalamu hutolewa kwa kuangalia majibu uliyokwisha kuandika, wala huombwi cheti. Pale pia kuna kanuni ya miaka 20: matukio ya karibu zaidi ya hapo hayajadiliwi, maana yanageuka siasa kabla hayajawa historia. Profesa aliyezoea kusimama tu na ukumbi ukanyamaza huona mambo haya kama dharau. Ni utaratibu wa mahali, kama kuvua viatu mlangoni.

Ushauri wetu kwa wenzetu wa vyuo vingine ni huu: ajibu mtu, kwa jina lake, na kwenye wasifu wake aandike idara yake pamoja na sentensi moja kwamba maoni ni yake. Chuo kimpe muda, mafunzo na mwenzake wa kupitia jibu kabla halijatoka. Akaunti ya nembo ibaki kwa mambo ya chuo chenyewe, kama tarehe za udahili na ada.

Nitoe mfano mmoja. Mtu aliuliza: amemwaga kipausha chenye klorini chooni, kisha akaongeza dawa ya kuondoa madoa yenye asidi, sasa kuna harufu kali, je, ni kawaida? Mwenzetu wa kemia aliandika rasimu nzuri sana. Aya ya kwanza ilieleza sodiamu haipokloraiti ni nini. Ya pili ilikuwa na mlinganyo wa mmenyuko. Neno "usichanganye" lilikuwa kwenye mstari wa kumi na tisa, na juu ya yote kulikuwa na kanusho la mistari sita kwamba chuo hakiwajibiki kwa lolote. Nikamuuliza: huyu mtu amekaa wapi anaposoma? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Chooni."

Tukaandika upya. Mstari wa kwanza: "Si kawaida, hiyo ni gesi ya klorini, toka humo sasa, acha mlango wazi, usirudi kumwaga wala kusafisha." Wa pili: anayekohoa mfululizo au kubanwa kifua atafute huduma ya dharura mara moja. Wa tatu: kipausha kisichanganywe na asidi, siki ikiwemo, wala na amonia, kwani amonia nayo hutoa kloramini, ambayo hudhuru mapafu vilevile. Maelezo ya kemia yakafuata chini kwa atakayependa kusoma akiwa nje. Kanusho likabaki sentensi moja mwishoni. Mwanasheria wetu hakufurahi, lakini alikubali.

Nije kwenye taratibu na adhabu, kwa sababu ndizo zinazotuletea malalamiko mengi, na naomba zisomwe taratibu. Mfano wangu ni Stack Exchange, mtandao wa majukwaa ya maswali na majibu uliokua kutoka Stack Overflow, jukwaa la waandishi wa programu la mwaka 2008, kwa kuwa kanuni zake zimeandikwa kwa uwazi. Kwanza, alama, yaani pointi za kuaminiwa na jukwaa. Mgeni huanza na alama 1. Jibu lake likipigiwa kura ya kuunga mkono hupata alama 10. Aliyeuliza akilikubali, hupata 15. Likipigiwa kura ya kupinga hupoteza 2, na aliyepinga jibu naye hupoteza 1, ili watu wasipinge kwa chuki tu. Kuandika maoni chini ya chapisho la mtu mwingine kunahitaji alama 50. Hapa ndipo wahadhiri wetu wananaswa. Anataka kumuuliza mwenye swali jambo dogo, anakuta haruhusiwi kutoa maoni, basi anaandika swali lake kwenye kisanduku cha majibu. Linafutwa, kwa sababu si jibu. Halafu anatuandikia kwamba amedhalilishwa. Hajadhalilishwa. Amekosa alama 49, na majibu mawili matatu mazuri yangemfikisha.

Pili, viungo. Jibu lenye kiungo peke yake, hata kama kinaelekea kwenye makala yako iliyopitiwa na wataalamu, hufutwa. Andika kiini cha jibu pale pale, kisha weka kiungo kwa anayetaka zaidi. Ukitaja kitabu chako, kozi yako au programu iliyotengenezwa na idara yako, lazima useme kuwa ni yako. Ukificha, chapisho huhesabiwa kuwa tangazo. Likiripotiwa hivyo na watumiaji wa kutosha, hufutwa lenyewe na mwandishi hupoteza alama 100.

Tatu, kura. Tumewahi kusikia mkuu wa idara akiwaambia wanafunzi wafungue akaunti wampigie kura mwalimu wao. Tafadhali, hapana. Kura za kundi moja zinazomiminika kwa mtu mmoja hugunduliwa na kubatilishwa, na wahusika huingia matatani. Kusimamishwa kwa kawaida huanza na siku 7, ukirudia, 30, ukirudia tena, 365. Katika kipindi hicho alama zako huonyeshwa kuwa 1, kisha hurejeshwa. Kufungua akaunti ya pili ili kukwepa adhabu huongeza adhabu. Ukiona umeonewa, jibu ujumbe wa msimamizi kwa adabu, ukitaja chapisho husika. Barua yenye muhuri wa Makamu Mkuu wa Chuo haisaidii, na nasema hivi kwa kuwa ilishawahi kuandikwa.

Nne, akili mnemba. Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyoandikwa na programu hizo mwezi Desemba 2022, kwa sababu yalikuwa mengi, yaliandikwa vizuri, na mara nyingi hayakuwa sahihi. Mtu anayeuliza chuo kikuu anataka kujibiwa na anayejua.

Tano, haki. Unachoandika huko hutolewa chini ya leseni huria: yeyote anaweza kukinakili na kukibadilisha, ili mradi akutaje na aachie kazi yake kwa masharti yaleyale. Huwezi kuamka kesho ukaidai irudi. Kwa hiyo usiweke data ambazo hazijachapishwa, wala habari za wanafunzi au wagonjwa, hata bila majina, iwapo anayewajua anaweza kuwatambua. Wenye uvumbuzi wajihadhari zaidi. Barani Ulaya ukishaueleza hadharani kabla ya kuwasilisha maombi ya hataza, upya wake kwa kawaida umekwisha; Marekani mvumbuzi ana mwaka mmoja tangu alipoueleza. Jibu la aya mbili jukwaani ni hadharani.

Kwa wananchi, sasa. Najua wengi mnauliza kwa nia njema. Lakini kuandika "HARAKA" kwa herufi kubwa hakuharakishi kitu. Picha ya upele haiwezi kupata jibu la ugonjwa kutoka kwa mhadhiri wa tiba, na si kwamba anaringa. Hajakupima, na akikosea utaumia wewe. Kesi iliyoko mahakamani haijibiwi na mhadhiri wa sheria jukwaani. Anachoweza kueleza ni jinsi sheria inavyofanya kazi kwa jumla. Na kazi ya nyumbani ya mwanafunzi tunaitambua kwa mstari wa kwanza, hasa ikiwa bado na "alama 10" mwishoni. Onyesha ulipofikia na ulipokwama, utasaidiwa. Ukiibandika kama ilivyo, utaambiwa ukweli.

Swali lisilojibiwa mara nyingi ni lile ambalo haliwezi kujibiwa. "Ukuta wangu una ufa, je, nyumba itaanguka?" Mhandisi gani atajibu hilo? Ufa una upana gani? Ule mwembamba kama unywele mara nyingi ni plasta imekauka. Ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari huweza kuashiria msingi unaotitia. Ule unaoingiza ncha ya kidole hauhitaji jukwaa, unahitaji mhandisi aje. Kwa hiyo chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe ukutani. Pima upana kwa rula, piga picha rula ikiwa pale pale, rudia baada ya wiki chache. Ukija na picha mbili zenye tarehe, utapata mtu wa kukujibu.

Na tueleze unachotaka kufanya hasa, si hatua uliyokwama tu. Watu huuliza namna ya kufungua mfuniko uliokwama, kumbe wanachohitaji kiko chupa ya pembeni. Wakutubi wanalijua hili tangu zamani: hawaanzi kutafuta kitabu kabla hawajauliza mawili matatu. Ukiulizwa swali kabla ya kujibiwa, hujakataliwa.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kuwalaumu wananchi wala wasimamizi. Katika vyuo vingi mhadhiri anapopandishwa daraja huhesabiwa machapisho na saa za kufundisha. Jibu lililomtoa mtu chooni kabla hajavuta klorini halihesabiwi. Tunapendekeza idara zilipokee kama huduma kwa jamii: mhadhiri awasilishe viungo vya majibu, mwenzake wa fani ayasome na kuandika maoni ya ukurasa mmoja. Alama za jukwaani zisitumike peke yake, maana swali jepesi hupata kura nyingi kuliko gumu.

Nakala zihifadhiwe pia. Yahoo Answers ilianza mwaka 2005 na ikafungwa tarehe 4 Mei 2021. Majibu ya miaka mingi yakaondolewa na mwenye nyumba, yaani kampuni iliyolimiliki jukwaa. Kila jibu ambalo wahadhiri wetu wanaandika tunalihifadhi kwenye hazina ya maktaba, likiwa na swali lake, tarehe na jina la aliyejibu.

Kosa likionekana, tunahariri jibu na kuonyesha kilichobadilika na lini. Hatulifuti kimyakimya, kwa sababu kuna aliyekwisha kulifuata. Anayetaka kutusahihisha atutumie kiungo cha jibu, sentensi anayoipinga na sababu yake. Likija hivyo, humfikia mhusika siku hiyohiyo. Barua zinazosema tu "mnajificha" nazo tunazisoma, ila huwa hatujui tumpelekee nani.