Ushuru wa chuma cha bei ya kutupa hulipwa na mwagizaji

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Mtwara, penye nondo za milimita 12 na bati za geji 30, imeaminika kwa miaka mingi kwamba nchi inapotoza ushuru maalumu dhidi ya chuma kinachouzwa nje kwa bei ya chini kuliko ya soko la kwao, anayelipa ni kiwanda cha ng'ambo. Sivyo. Anayelipa forodhani ni mwagizaji, na ndiyo maana waagizaji wenyewe huenda mahakamani kuupinga.

Nchini Marekani, mwagizaji huweka amana mzigo unapoingia, kisha kiwango halisi hukokotolewa baadaye, mara nyingi baada ya zaidi ya mwaka mmoja, naye akadaiwa nyongeza au akarudishiwa fedha pamoja na riba. Asiporidhika, hufungua shauri katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliyoko New York, ambako aghalabu hubishaniwa kama bomba la aina fulani limo ndani ya amri ya ushuru au halimo. Ucheleweshaji huo, kwa maoni yangu, humwumiza zaidi mwagizaji mdogo, asiye na akiba ya kungojea hukumu.

Kifungu cha 13 cha mkataba husika wa Shirika la Biashara Duniani huzitaka nchi zenye sheria ya ushuru wa namna hiyo ziwe na chombo huru cha kupitia maamuzi ya kuutoza.