Hesabu ya wiki 52 na dhana nyingine zinazowaponza washauri nasaha wa kujitegemea

Washauri nasaha wachanga ninaowasimamia hapa Mombasa huniletea mpango wao wa mwaka tuupitie pamoja. Wengi ni mahiri mbele ya mteja. Wanajua kusikiliza, wanajua kunyamaza, hawamkatizi mtu anayelia. Lakini karatasi wanayoniletea huwa ni ile ile, kana kwamba wananakiliana, na wiki hii nimeipokea tena. Basi niyaandike haya mara moja, ili atakayekuja na karatasi hiyo nimtume asome kwanza.

“Vikao 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 52”

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kijana amekodi chumba, amekata leseni, ameweka makochi mawili na boksi la tishu, kisha anapiga hesabu: vikao 25 kwa wiki mara wiki 52 ni vikao 1,300. Akitoza shilingi 3,000 kwa kikao, anapata 3,900,000. “Mwalimu, si hii inatosha hata kuchukua mkopo wa gari?” Inatosha, kwenye karatasi.

Tuanze na hizo wiki. Toa 2 za Krismasi na mwaka mpya, 1 ya Pasaka na 2 za Agosti. Usiponiahidi kwamba utapumzika hizo 5, sisomi ukurasa wa pili. Toa sikukuu zilizobaki nje ya likizo hizo: Idd, Mei Mosi, Madaraka, Oktoba 10, Mashujaa, Jamhuri. Ukumbuke pia kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake hugeuka mapumziko, kwa hiyo wateja wa Jumatatu ndio wanaopunjwa kila mara. Weka hapo karibu wiki 2. Toa nyingine 2 za maradhi yako, maradhi ya wanao na misiba, maana sijamwona bado mtu wa Pwani aliyewaambia jamaa zake kwamba hatafika matangani kwa sababu ana mteja saa nane. Toa 1 ya mafunzo. Zimebaki 42.

Sasa siku. Hakuna siku 5 za wateja. Kuna 4, na moja ya ofisi: kuandika kumbukumbu za vikao, barua za rufaa kwa daktari wa akili, ripoti ambayo kampuni ya bima imeikataa mara mbili kwa kukosa muhuri, na kikao chako mwenyewe cha usimamizi, pale unapoipitia kazi yako na mshauri mzoefu. Ukiinyima ofisi siku yake, itakuja kujichukulia usiku wako, na kumbukumbu za kikao zinazoandikwa saa nne usiku, siku tatu baadaye, hazina faida kwako wala kwa mteja. Mbele ya hakimu ndiyo kabisa.

Halafu viti vitupu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inalia: “Habari daktari, samahani leo sitafika, kuna dharura nyumbani, tuweke wiki ijayo inshallah.” Saa ile haiuziki tena. Hakuna mteja mwingine anayengojea mlangoni kama abiria wa matatu. Iandike sera yako ya kuarifiwa saa 24 kabla, mteja aitie sahihi siku ya kwanza, uisimamie. Hata hivyo, katika nafasi 20 za wiki, mimi huwaambia wahesabu 16. Kuna wanaohama, wanaomaliza tiba, wanaoishiwa na bima mwezi wa tisa. Nafasi iliyoachwa wazi haijazwi Jumatatu inayofuata.

Basi wiki 42 mara vikao 16 ni vikao 672. Kwa shilingi 3,000 ni 2,016,000, na hapo hujalipa kodi ya chumba, leseni, usimamizi, umeme wala serikali. Tofauti na ile karatasi ya kwanza ni 1,884,000. Hilo ni gari zuri tu ambalo halipo.

Ushauri wangu, ambao wanaonijua wameshauchoka: geuza hesabu. Andika kwanza nyumba inahitaji nini kwa mwaka, na karo ya watoto ndani yake. Ongeza gharama za kliniki, kodi ya serikali, mchango wa SHA, ile bima ya afya ya taifa (asiye na mwajiri hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mpigo) na akiba ya miezi miwili. Jumla igawe kwa 672. Ikiwa ni 2,100,000, kikao chako ni shilingi 3,125, na sasa unajua kwamba ile 3,000 uliyoiokota kwa mwenzako wa jengo la jirani inakupeleka kwenye deni taratibu. Ukiona soko la mtaani kwako haliwezi kulipa hivyo, una mambo matatu ya kufikiria: chumba cha bei nafuu, tiba ya vikundi, au kazi ya mkataba na shule au shirika. Kuongeza vikao hadi 7 kwa siku hakumo. Kikao cha saba unakuwa umeketi pale mwili mtupu, na mteja anakuona.

“Likizo yangu ni mambo yangu”

Kwa mwalimu wa piano, labda. Kwa mtu ambaye mzazi wake aliondoka bila kuaga, wiki tatu za mshauri wake kutoweka ni tukio ndani ya tiba. Atalileta, kwa maneno au kwa kutorudi Januari.

Kwa hiyo tarehe za mapumziko zinajulikana mapema, na mteja anaambiwa wiki 6 kabla, akakumbushwa tena kabla ya kikao cha mwisho. Anapewa kikaratasi: siku ya kikao cha mwisho, siku na saa ya kurudi, na jina la mwenzako atakayepokea simu ukiwa haupo, mwenzako ambaye umeshazungumza naye na amekubali. Na hapa nina ukali wangu: baada ya katikati ya Novemba usianze kufukua kiwewe cha mteja mpya, yaani kumbukumbu za tukio lililomjeruhi moyoni. Fanya kazi ya kumtuliza, usingizi, pumzi, watu wa kumshika mkono nyumbani. Kidonda kinachofunguliwa Disemba 10 kitakaa wazi hadi Januari 6, tena katikati ya mkusanyiko wa familia ambao pengine ndiko kilikotokea.

“Januari wateja hufurika kwa sababu ya maazimio ya mwaka mpya”

Wanaopiga simu ni wengi. Wanaokuja ni wachache. Njaanuari ni ya kila mtu: shule zinafunguliwa, karo, sare, vitabu, kodi ya nyumba. Wapokee, waandike, wape nafasi za Februari, na usikodi chumba cha pili kwa ajili ya simu za Januari.

“Ramadhani kazi husimama”

Haisimami, inahama saa. Asubuhi wateja huja vizuri, na mazungumzo yao mara nyingi huwa na kina. Baada ya alasiri usimtarajie mtu, na wengine huomba kikao kwa simu baada ya tarawehe. Kumi la mwisho liache jepesi.

Kinachowaponza wapangaji ni kwamba Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, 2026 katikati ya Februari, na 2027 inatarajiwa kuingia wiki ya pili ya Februari, kutegemea mwandamo. Kwa kliniki ya Mombasa maana yake ni kwamba Njaanuari na mfungo vinashikana, miezi miwili myembamba mfululizo, na ile akiba niliyoitaja juu ndiyo itakayolipa chumba. (Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Mwenye mkataba mrefu wa pango ajue.)

Na jambo la kitabibu lisilongoja: mteja anayetumia dawa za akili na anayekusudia kufunga amwone daktari wake ndani ya Shaabani, kabla mwezi haujaandama, wapange saa na vipimo vya dawa, au waamue kama afunge. Anayetumia lithiamu ndiye wa kwanza kumwita. Mwili ukipungukiwa na maji, dawa hiyo huweza kupanda kwenye damu hadi kiwango cha sumu, na joto letu la Februari mnalijua. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda kwa jina la kila mteja anayehusika.

“Likizo za shule ni msimu wa kiangazi”

Kwa wanaoona watu wazima, ndiyo, wateja hupungua. Kwa wanaoona vijana wa bweni ni kinyume: Aprili, Agosti, na Novemba hadi Disemba ndizo nafasi pekee za kumpata mtoto. Usimpangie vikao 12 vya kila wiki kana kwamba anaishi hapa. Agosti ina wiki chache tu, kwa hiyo panga vikao viwili kwa wiki, lengo moja, mzazi akiwemo, na barua kwa mwalimu wa malezi shuleni ikiwa familia imekubali. Hapo ndipo ile likizo yako ya Agosti inapogongana na kazi, na mwenye vijana wengi aihamishie Septemba.

“Kodi ni ya Juni”

Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za mwaka uliopita. Kodi yenyewe, ikiwa ya mwaka inazidi shilingi 40,000, hulipwa kwa awamu nne: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Disemba. Ziandike zote kwenye kalenda leo. Ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 ambayo jamaa yako mwenye duka anakusifia haikuhusu, kwani ada za kitaalamu hazimo. Kampuni inayokuita huenda ikakukata asilimia 5 kabla ya kukulipa. Ikikukata, dai cheti chake, kwa sababu fedha hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa. Ankara zitoke kwenye eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato), na laini ya M-Pesa ya kliniki isiwe ile unayonunulia unga. Robo ya kila malipo iende kwenye akaunti nyingine siku hiyo hiyo. Hili sibishani na mtu.

“Oktoba nitaenda kokote nitakakoitwa”

Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, na Kenya siku hiyo ni mapumziko, kwa hiyo kampuni zote hung’ang’ania siku chache zinazoizunguka. Simu zitaanza Septemba 25: “Tunaomba utuzungumzie kwa saa moja, ni kuwapa moyo wafanyakazi tu.” Amua Agosti utakubali mialiko mingapi na kwa bei gani. Mimi nakubali 3, mmoja wao bure kwa shule ya umma. Kila mwaliko unakula nusu siku ya wateja, na malipo ya kampuni huweza kuchukua miezi miwili.

Na mhadhara haumaliziki ukishuka jukwaani. Watu watabaki karibu na birika la chai wakijifanya wanatafuta sukari, kisha mmoja atakuuliza kwa sauti ya chini kama una dakika mbili. Dakika mbili hizo hazitoshi, na hapo si pahali pake. Kwa hiyo wiki inayofuata iache na nafasi 4 tupu, na ukubaliane na ofisi ya rasilimali watu, kabla ya siku yenyewe, nani atavilipia vikao hivyo na kwamba ofisi hiyo haitapewa majina ya watakaokuja.