Je, wajua farasi huruka kitu ambacho dakika hiyo hakioni?

Niseme ukweli tu, swali la nani anamvusha farasi juu ya kizuizi nililijibu vibaya kwa miaka, tena kwa sauti kubwa mbele za watu. Nilikuwa nadhani farasi akifika kwenye kizuizi, aliyekaa juu ndo anamwambia "haya ruka", halafu anavuta hatamu na farasi anapaa. Ukiangalia kwenye TV inaonekana hivyo kabisa, mikono inasogea, mwili unainuka, mnyama yuko hewani. Nikawa namalizia kwa kusema bingwa ni bingwa kwa sababu ana mikono ya nguvu.

Kumbe hapana, na kosa lenyewe ukilitazama vizuri ni la kuchekesha. Farasi wa mashindano ana kilo mia tano na zaidi, mpandaji ana sitini au sabini, na amekaa juu ya huyo huyo anayedai kumwinua. Kaa kwenye kiti sasa hivi, shika mikono ya kiti, vuta kwa nguvu zako zote kiti kiinuke na wewe ukiwa juu yake. Umeona? Ile mikono inayosogea kwenye TV haiinui kitu, inafanya kinyume kabisa: inalegeza, inafuata shingo ya farasi inapojinyoosha mbele ili lijamu, kile chuma cha mdomoni, lisimkwaruze. Mimi nilikuwa naona mtu anaachia, nikasema anavuta. Hilo bado linanisumbua kidogo.

Kilichonifanya nirudi kuuliza upya ni mwanamke mmoja wa Uingereza, Lucinda Green, ambaye kabla hajaolewa alijulikana kama Lucinda Prior-Palmer. Mchezo wake ni ule wa siku tatu: kwanza dresaji, yaani farasi anacheza kwa adabu uwanjani mbele ya majaji, halafu mbio za nyika juu ya magogo, mitaro na maji, halafu kuruka vizuizi vya miti iliyolazwa, inayodondoka ukiigusa. Asili yake ni majeshi kupima farasi wa askari, uliingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, na wanawake hawakuruhusiwa kuucheza Olimpiki mpaka 1964. (Huitwa siku tatu lakini kwa mashindano makubwa huwa siku nne au zaidi, maana dresaji peke yake inakula siku mbili.)

Sasa kuna mashindano yanaitwa Badminton, yalianza 1949 kwenye shamba la tajiri mmoja Uingereza, na ndiyo, ule mchezo wa raketi nao ulichukua jina lake kwenye nyumba hiyo hiyo. Lucinda alishinda hapo 1973 akiwa na miaka 19, juu ya farasi anaitwa Be Fair. Akashinda tena 1976 juu ya Wide Awake, ambaye alianguka akafa wakati wa kuzunguka uwanja kushangilia, inauma hata kuisoma. Halafu 1977 juu ya George, 1979 Killaire, 1983 Regal Realm, 1984 Beagle Bay. Mara sita, farasi sita, na hakuna aliyemfikia mpaka leo. Katikati hapo, 1982, akawa bingwa wa dunia na huyo Regal Realm.

Mtu akishinda mara sita na farasi mmoja unasema huyo farasi alikuwa jini. Akishinda na sita tofauti, wenye miili na tabia tofauti, basi kuna kitu yeye anakijua, na kama si kuwainua ni nini?

Tuanze na macho. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, si mbele kama yetu, kwa hiyo anaona karibu duara zima, hata simba anayemnyemelea nyuma kidogo. Bei ya faida hiyo ni kwamba kuna sehemu asizoziona, moja nyuma ya mkia na nyingine mbele yake hapo hapo, usawa wa paji na chini ya pua. Kizuizi kikiwa mbali anakiona vizuri. Kikikaribia sana kinaingia kwenye ile sehemu ya mbele na chini, na anapoondoka ardhini, kile anachokiruka kimeshapotea machoni au kimebaki kipande tu.

Wengi hapa wanasema haiwezekani, atarukaje asichokiona. Lakini we mwenyewe unafanya hivyo kila siku. Fikiria umebeba beseni la nguo mbichi kifuani, unatoka uani kuingia ndani, na mlangoni kuna kizingiti. Ukiwa mbali kidogo unakiona, ukifika umeshakipoteza, beseni limekiziba. Hausimami kupapasa kwa mguu. Unanyanyua mguu kwa kipimo ulichokipiga hatua tatu nyuma, na mara nyingi unapita. Sasa jiulize ni lini unajikwaa? Unajikwaa mtu akikuita pale ulipokuwa unapima, au akikusukuma ukabadilisha hatua, au ukiwa na haraka ya kipumbavu. Nguvu ya mguu haihusiki. Kilichoharibika ni kile kipimo.

Farasi ni hivyo hivyo, ila yeye anakwenda kama mita 570 kwa dakika kwenye mashindano ya ngazi ya juu, yaani mita tisa na nusu kila sekunde, na anayemsukuma au kumwita amekaa mgongoni. Na ili apime anahitaji kichwa chake. Anakiinua kutazama mbali, anakishusha kutazama karibu, kama mzee anayesoma gazeti kwa miwani ya sehemu mbili. Yule mpandaji wangu wa kufikirika, mwenye mikono ya nguvu, anamfunga kichwa kwa hatamu sekunde zile zile farasi anapokihitaji. Yaani nilichokiita msaada kilikuwa kumziba mtu macho akiwa na beseni.

Hapa niweke breki kidogo. Utafiti wa 1999 ulidai farasi aliyevutwa kichwa mpaka pua ikaelekea kifuani haoni mbele vizuri, na watu wakaushika kama msahafu. Baadaye wengine wakapima wakaona jicho la farasi lina uwezo wa kujizungusha kidogo ndani ya tundu lake kufidia kichwa kikiinama. Kwa hiyo usiende kumwambia mtu kwamba farasi anakuwa kipofu, sema anapunguziwa. Suala la rangi ndo lina ushahidi mzuri zaidi: farasi hatofautishi nyekundu na kijani, na rangi ya chungwa kwake inazama kwenye majani. Uingereza mbao za vizuizi vya mbio za farasi zilikuwa za chungwa miaka na miaka kwa sababu binadamu ndo aliona zinang'aa, hakuna aliyemuuliza anayeruka, mpaka Chuo Kikuu cha Exeter kikapima na zikaanza kubadilishwa kuwa nyeupe mwaka 2022.

Basi kazi ya mpandaji ni nini? Inaisha kabla ya kuruka. Mwendo, njia na mizani, hayo matatu. Amlete farasi kwa kasi anayoweza kuipimia, amlete sawa asije upande kwa upande, halafu akae mahali ambapo uzito wake hausumbui. Hili la uzito, madereva wa bodaboda wanalijua kuliko maprofesa. Abiria mgeni akifika kwenye kona analala upande wa pili kwa woga, na dereva anamfokea "ssebo (bwana) tulia!" Farasi huanza kuruka kwa kusukuma ardhi na miguu ya mbele ili kifua kipande, ndipo miguu ya nyuma inamrusha. Mpandaji akiwahi kujirusha mbele, anaweka kilo sabini juu ya miguu ile ile inayojaribu kunyanyuka.

Na kuna jambo moja ambalo farasi hawezi kabisa kulijua. Kabla ya mbio wapandaji huzunguka njia nzima kwa miguu, wengine mara tatu au nne, wanahesabu hatua, wanaangalia jua litakuwa wapi, maana kuruka kutoka mwangani kuingia kivulini ni taabu, jicho la farasi linachelewa kuzoea giza. Farasi mwenyewe haonyeshwi. Kila kizuizi anakiona mara ya kwanza akiwa mbioni, na hajui zimebaki kilomita ngapi. Tuliokuwa Kololo, Kampala, 2017 kwenye mbio za nyika za dunia, zile za watu, tulimwona mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei akiongoza mpaka mzunguko wa mwisho, nguvu zikamwishia mbele yetu akamaliza wa 30, na yeye alikuwa anajua umbali! Farasi anapewa dakika kumi au kumi na moja za namna hiyo, na akichelewa anakatwa alama 0.4 kwa kila sekunde, hivyo mwenye hesabu lazima awe yule wa juu.

Ndo maana naona si ajabu Lucinda alipoacha kushindana akawa kocha wa mbio za nyika, akizunguka nchi nyingi kufundisha watu na farasi asiowajua, wanaokutana naye siku moja au mbili tu. Mikono ya nguvu huwezi kumpa mtu kwa siku mbili. Mwendo, njia na mizani unaweza kumwonyesha. Anapenda kuwapa vizuizi vyembamba, vya upana mdogo kiasi kwamba farasi ana nafasi ya kupita pembeni akitaka, halafu mpandaji anagundua kwamba hatamu hazimlazimishi farasi kitu, ni lazima farasi mwenyewe akitazame na akubali.

Huku kwetu Uganda farasi ni wachache, ukimtaka kumwona unaenda Munyonyo au Jinja kwa watalii. Nilienda Munyonyo nikasimama kwenye uzio kama saa nzima. Msichana wa miaka kumi hivi, sidhani alifika kilo thelathini, alimpitisha farasi juu ya mti mdogo uliolazwa mara saba, mikono imelegea. Mara ya nane akavuta, na farasi akasimama pale pale mbele ya mti akautazama.