Kisiwa cha joto mjini ni nini, na kwa nini wasichana wafundishwe kukipima

Kisiwa cha joto mjini ni eneo la mji ambalo hewa yake ina joto zaidi kuliko mashamba na vijiji vinavyolizunguka. Lami na saruji hufyonza jua mchana kutwa, kisha hutoa joto hilo polepole baada ya magharibi. Ndiyo maana tofauti huonekana zaidi usiku, kama Luke Howard, Mwingereza mchunguzi wa hali ya hewa, alivyoona London mwanzoni mwa karne ya 19.

Hata ndani ya mji mmoja joto halilingani. Kituo cha hali ya hewa hupima hewa ya kivulini, kwenye nyasi, na kipimo hicho ndicho tunachosomewa redioni. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 2017 ulikuta mitaa ya mabanda ya Kibera, Mathare na Mukuru ina joto kuliko kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, mjini humo humo. Chumba cha bati kisicho na dari, jiko la mkaa mlangoni, hakimo kabisa kwenye taarifa ya habari.

Wasichana ndio wanaoshinda humo, wakipika na kulea wadogo zao, kwa hiyo ni haki yao kwanza kupata elimu hii. Wala haihitaji maabara. Chukua vipimajoto viwili. Kimoja kiache kikavu. Kingine kifunge kitambaa chepesi kilicholowa maji upande wa chini, kisha vipepee. Maji yanapokauka, kile chenye kitambaa hushuka. Pengo likiwa kubwa, hewa ni kavu na jasho litakauka mwilini. Likiwa dogo, hewa imejaa unyevu, na hilo ndilo fukuto la Dar es Salaam na Mombasa, ambako nyuzi 32 huweza kuchosha kuliko 38 za nchi kame. Msichana aliyeliona pengo hilo kwa macho yake ataweza kueleza kwa nini bibi yake amezidiwa siku ambayo redio imetaja joto la kawaida tu.

Ahmedabad, India, imeonyesha njia. Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8, na mwezi huo jiji lilipata vifo 1,344 zaidi ya kawaida. Mwaka 2013 ukaanza mpango wa jiji wa kukabili joto kali, wenye tahadhari za mapema. Shirika la Mahila Housing Trust nalo limewafundisha wanawake wa mitaa ya kipato cha chini kuelimisha majirani na kuhimiza mapaa yapakwe rangi nyeupe, inayorudisha mwanga wa jua.

Rangi hiyo nayo ipimwe. Andika joto la chumba saa nane mchana na saa nne usiku kabla ya kupaka, kisha rudia saa zilezile baadaye. Pima pia chumba cha jirani ambacho hakikupakwa, maana bila hicho mtu atasifu rangi kumbe ni mawingu tu yaliyotanda siku ile.